Mawe ya Msingi ya Ziwa Sanzale

Nchi ninayotaka kuwasimulia ina jina, ila daktari amenikataza kulitaja kwa sababu ya presha. Mniwie radhi. Itoshe kusema kwamba ni nchi nzuri, yenye amani, bendera safi na viongozi wanaoamka mapema. Katikati ya mji wake mkuu palikuwa na ziwa lililoitwa Sanzale. Mimi nilizaliwa kando yake, upande wa sokoni, na hadi leo ni mjumbe wa Kamati ya Makofi ya kata yetu, ile inayokaa mstari wa mbele kwenye hafla na kuanzisha shangwe pale mheshimiwa anapovuta pumzi. Kwa hiyo haya ninayosema sikuhadithiwa. Niliyaona nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki cha serikali.

Sanzale halikuwa ziwa kubwa. Mtu mwenye sauti nzuri akiita upande wetu, wa ng'ambo alimsikia. Lilijazwa na chemchemi iliyokuwa chini yake, karibu na ufuko wa sokoni, mahali ambapo maji yalikuwa baridi na maangavu hata kiangazi kikikaza. Watoto walipaita Barafuni. Ng'ambo hapakuwa na nyumba, palikuwa na makaburi. Tangu mji uanze, sisi watu wa Sanzale tulikuwa tukivusha marehemu wetu kwa mtumbwi, na baada ya arobaini ndugu walitoa jiwe moja ziwani wakaliweka upande wa kichwa cha kaburi. Hatukuandika jina juu yake. Tuliona jiwe lililotoka kwenye maji yetu linatosha kumtambulisha mtu.

Mvushaji alikuwa Mzee Mbaruku, mtu mrefu, mkimya, aliyezoea kuzungumza na kasia lake kuliko na majirani. Mkewe, Bi Kidawa, alikaanga vitumbua pale gatini. Walikuwa na mtoto mmoja, Hidaya, na homa ilimchukua akiwa bado hajaanza shule. Mbaruku alimvusha mwenyewe, hakutaka mtu mwingine ashike kasia. Alipomaliza kuweka jiwe la mwanawe alimwambia mkewe kwamba siku yake ikifika na yeye atakuja kwa njia hiyohiyo, juu ya maji, ili mtoto asije akadhani amekuja mgeni.

Kisha nchi ikapata maendeleo, na maendeleo yakahitaji mahali pa kumwaga uchafu wake. Hoteli kubwa ikatoboa bomba, kiwanda cha sabuni kikatoboa la kwake, na Bunge, lililojengwa juu ya kilima kwa ajili ya mandhari, likatoboa kubwa kuliko yote kwa sababu waheshimiwa hukaa vikao virefu. Samaki walianza kuelea. Harufu ikapanda kilimani, ikaingia ukumbini, na waheshimiwa wakawa wanachangia hoja huku wameziba pua. Ndipo taifa likagundua kwamba ziwa linaumwa.

Nawaambia ukweli, serikali haikukawia. Ilitunga Sheria ya Kuhuisha Ziwa na kuunda Mamlaka ya Kuhuisha Ziwa, yenye ofisi, magari na wimbo wake. Ilichokosa ni fedha tu. Hazina ilikuwa na utaratibu wake, nao ni utaratibu mzuri sana: hakuna fedha ya mradi inayotoka kabla mradi haujawekewa jiwe la msingi. Jiwe la msingi haliwekwi bila hafla. Na hafla, kwa kuwa ni sehemu ya mradi, hugharamiwa na fedha za mradi.

Kuna mtu mmoja sokoni aliuliza jiwe la msingi la ziwa linawekwa wapi, maana ziwa halina ukuta. Alielimishwa na polisi. Sheria haikutaja ukuta, ilitaja jiwe.

Waziri wa kwanza kuliweka alikuwa Mheshimiwa Injinia Zablon Mtupili. Alifika na bendi ya matarumbeta, mahema meupe, fulana na kofia za bure, na sufuria za pilau ambazo harufu yake, kwa siku moja, ilishinda ile ya ziwa. Wataalamu walizunguka ufuko mzima wakitafuta mahali pa kuliweka. Kila mahali palikuwa na tope jeusi lenye kuharibu viatu, isipokuwa Barafuni. Pale maji yalikuwa bado safi, kamera ingeona hadi chini. Wakakubaliana kwa kauli moja kwamba Barafuni ndipo.

Jiwe lilikuwa dogo, la ukubwa wa meza ya chai, maana siku zile nchi bado ilikuwa na aibu. Walihitaji mtumbwi wa kulifikisha. Mzee Mbaruku alijitolea bila kuombwa. Alivaa kanzu yake ya sikukuu, akalipakia jiwe, akapiga kasia taratibu kama anavyovusha marehemu, na mimi nikamwona anatabasamu. Lilikuwa liwekewe saruji chini ili lisitikisike, ila mifuko ya saruji ilipotea njiani, baina ya ghala la serikali na ziwa. Mheshimiwa Mtupili akaamuru liwekwe hivyohivyo.

"Ndugu wananchi," alisema kwenye kipaza sauti, "jiwe hili mnaloliona si jiwe. Jiwe hili ni maji yaliyosimama imara."

Kamati ya Makofi ilifanya kazi yake. Hafla ilipokwisha, mgao wa mwaka ule nao ulikuwa umekwisha, na mahesabu yalikwenda sawasawa, hakuna kilichobaki.

Mwaka uliofuata Rais alibadilisha mawaziri. Hazina ilieleza, kwa upole, kwamba inatambua jiwe la waziri aliyepo madarakani tu, kwa kuwa jiwe la aliyeondoka limeondoka naye kiutaratibu. Waziri mpya akaweka la kwake. Itifaki hairuhusu jiwe la mheshimiwa kulala juu ya jiwe la mheshimiwa mwenzake, kwa hiyo likawekwa pembeni, hapohapo Barafuni, na safari hii saruji ilifika nusu. Waziri aliyemfuata aliweka lingine, kubwa zaidi. Kila jiwe Mzee Mbaruku ndiye aliyelivusha. Alipoulizwa kwa nini hadai hata nauli, alishangaa.

"Nidai nini?" alisema. "Si wanaliponya ziwa letu?"

Wakati huo serikali haikukaa bure katika kutafuta fedha. Ujumbe mzito ulikwenda nchi za mbali kujifunza jinsi wenzetu wanavyotunza maziwa yao, ukarudi na masanduku mazito na taarifa isemayo kwamba maziwa ya wenzetu yana maji. Marafiki wa nje walileta msaada na kuomba ushahidi wa kazi. Walitumiwa picha za mawe, wakaandika kwamba wameridhishwa na uimara wake. Halafu ikafanyika karamu ya hisani katika ile hoteli kubwa. Wageni walikunywa maji ya chupa, wakanadi chupa moja ya maji ya Sanzale kwa bei ya kutisha, na aliyeishinda aliomba asilazimike kuipeleka nyumbani. Fedha zilizopatikana zililipa gharama za karamu, zikapungua kidogo, na upungufu ukafidiwa na bajeti ya ziwa.

Bila shaka mmeshang'amua wenyewe kilichokuwa kinatokea chini, lakini nawaomba mkumbuke kwamba sisi tulikuwa juu, tunapiga makofi. Kila jiwe lilifunga jicho moja la chemchemi. Maji safi yakapungua kuingia, machafu yakaendelea kama kawaida. Kwanza magugu yakatanda. Kisha ufuko ukaanza kurudi nyuma, gati la Bi Kidawa likabaki nchi kavu, na siku moja Mzee Mbaruku aliukuta mtumbwi wake umelala ubavu kwenye tope. Aliusimamisha. Kesho yake ulikuwa umelala tena.

Watu wakaanza kupeleka marehemu wao makaburini kwa gari la manispaa, kwa barabara ya mzunguko, pamoja na foleni na vumbi. Mbaruku alikuwa akikaa mlangoni akiliangalia gari likipita. Halafu kifua kikamshika, akaacha kukaa mlangoni.

Bi Kidawa aliniambia maneno ambayo mumewe alimwambia usiku wa homa yake ya kwanza. Alimwambia hivi: "Mimi sitaki makubwa, mama Hidaya. Nimewavusha wote hawa. Nisije nikazungushwa kwa lami kama gunia la mkaa. Nivusheni kwa maji." Bi Kidawa alimjibu kwamba atavushwa kwa maji. Hakujua maji atayatoa wapi, lakini alikwisha kusema.

Akavaa khanga zake mpya akaenda kwenye ofisi ya Mamlaka. Mimi nilimsindikiza, kwa kuwa sura yangu inajulikana pale.

Tulipokewa na Katibu Mtendaji mwenyewe, Bwana Lugendo, kijana mnene, mwenye adabu.

"Shikamoo, mama. Nikusaidie nini?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuomba maji."

"Maji ya bomba ni ghorofa ya pili."

"Ya ziwa. Kidogo tu, ya kuelea mtumbwi mmoja, siku moja. Mume wangu ni mgonjwa."

Bwana Lugendo alimgeuza taratibu kwa bega, akamwonyesha picha iliyochukua ukuta mzima. Ilikuwa Sanzale ya mpango mkakati, buluu tupu, yenye bata weupe, taa za mapambo, na wazungu wawili wanaotembeza mbwa.

"Ziwa letu hili hapa, mama. Halina tatizo lolote."

"Hilo la ukutani nimeliona. Mimi naulizia la nje."

"La nje linasubiri mgao. Wa robo ya kwanza umekwenda kwenye hafla. Wa robo ya pili unasubiri jiwe la waziri mpya, na waziri mpya hajaapishwa." Alifikiri kidogo, na nawahakikishia alikuwa anafikiri kwa huruma. "Mgonjwa anaweza kusubiri robo ya tatu?"

"Anajitahidi," alisema Bi Kidawa.

Bwana Lugendo alitoa leso akafuta macho. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniumiza baadaye. Akafungua kabati akampa fulana moja ya hafla, kubwa, imeandikwa kifuani SANZALE YANGU, FAHARI YANGU, ampelekee mgonjwa. Mzee Mbaruku aliipenda kwa sababu ilikuwa mpya na haikumbana kifua. Aliivaa hadi mwisho.

Alijitahidi kweli. Alifariki robo ya tatu ilipokuwa imeanza na waziri alikuwa bado anapongezwa.

Gari la manispaa lilikuja, likasimama mlangoni likiunguruma. Bi Kidawa alimwambia dereva ahsante, arudi. Wanaume wa mtaa tukatazamana. Kisha bila mtu kutoa amri, tukaenda kuuchukua mtumbwi, tukalaza jeneza ndani yake kama tulivyozoea, tukaufunga kamba, tukaanza kuuvuta juu ya tope lililokauka na kupasukapasuka. Bi Kidawa alitembea pembeni akiwa amelibeba kasia begani. Mchana ulikuwa mkali. Mtumbwi ulikuwa ukikwaruza chini kwa sauti ambayo mpaka leo nikiisikia ndotoni naamka. Nyuma yetu mji uliendelea na shughuli zake, na kule juu kilimani niliona madirisha ya Bunge yako wazi, maana ziwa lilipokauka harufu nayo ilipungua, jambo ambalo lilikuwa limetangazwa kama mafanikio ya awamu ya kwanza.

Tulikusudia kupita Barafuni kwa sababu ndiyo njia aliyokuwa akiipita yeye. Pale mawe ya msingi yalisimama duara, makubwa kwa madogo, yenye majina ya dhahabu. Tulijaribu kupita katikati yake. Mtumbwi ulinasa kwenye zege, tukavuta, ukapasuka tumboni.

Hapo ndipo Bi Kidawa alipoketi chini akalia. Hakulia msibani, alilia pale. "Nilimwahidi," alikuwa akisema, "nilimwahidi mimi." Tulilitoa jeneza tukalibeba mabegani hadi ng'ambo, tukamlaza Mbaruku pembeni mwa Hidaya. Kasia tulimwekea juu.

Arobaini ilipofika pakawa na neno la jiwe la kaburi. Jiwe sharti litoke ziwani, na ziwani mawe hayakuwepo. Yale ya asili yalikuwa yameokotwa na mkandarasi akajengea makao makuu ya Mamlaka. Yaliyobaki ni yale ya waheshimiwa. Bi Kidawa aliyazunguka kwa muda, akayagusa moja moja, kisha akaweka mkono juu ya lile dogo la Mheshimiwa Mtupili.

"Hili alilivusha akiwa na raha," alisema.

Tulidhani litatushinda. Lakini kumbukeni ile saruji iliyopotea njiani. Mtaimbo mmoja tu, likainuka. Tukalisukuma kwa mkokoteni hadi makaburini na kuligeuza, maandishi ya dhahabu yakalala udongoni, upande mtupu ukabaki juu. Mheshimiwa Mtupili wakati huo alikuwa balozi katika nchi ya baridi na sidhani kama alihisi kitu.

Asubuhi yake mtu mmoja alikuja mbio kwa Bi Kidawa, akaniita na mimi. Pale lilipokuwa limelala jiwe palikuwa na maji.

Yalikuwa kidogo kama ya sufuriani, lakini yalikuwa yanachemka kutoka chini, maangavu. Mchana yakawa kama ua wa nyumba. Watu wakaacha maduka. Mzee mmoja mwuza viatu alichovya kiganja, akanywa, akasema, "Ya Barafuni haya." Watoto ambao hawakuwahi kuliona ziwa walivua viatu wakaingia wakapiga kelele kwa baridi. Ndege mdogo alitua ukingoni, sijui nani alimwambia. Mimi nililia, bila maelekezo ya kamati.

Bi Kidawa alisimama akiyatazama. Alikuwa anahesabu kichwani, nadhani, mtumbwi mmoja unahitaji maji kiasi gani, na kwamba yamechelewa kwa muda mfupi sana.

Serikali ilipata habari jioni. Ilipata habari kwamba jiwe la msingi la taifa limeibiwa.

Sijawahi kuona nchi yetu ikifanya kazi vile. Fedha za dharura zilitoka Hazina siku hiyohiyo. Kabla jua halijawa kali kesho yake mahema yalisimama, bendi ikapanga mstari, na winchi kubwa ikaingia ziwani ikiwa imebeba jiwe jipya, pana kama mlango wa ghala, lenye jina la yule waziri mpya. Saruji ilifika yote. Hata mfuko mmoja haukupotea njiani.

Waziri alishuka garini, akakanyaga majimaji, akautazama mguu wake.

"Unyevunyevu huu unatoka wapi? Unahatarisha msingi."

"Tunaudhibiti sasa hivi, mheshimiwa," alisema Bwana Lugendo.

Bi Kidawa alitoka katikati ya watu akiwa na ndoo. Askari walitaka kumzuia, ila mpiga picha aliwaashiria wamwache, sura yake ilikuwa inafaa.

"Mheshimiwa," alisema, na alisema kwa heshima, "hilo ulilolikanyaga ndilo ziwa."

Waziri alimshika bega kwa upendo mkubwa. "Mama, usife moyo. Ziwa linakuja."

Bi Kidawa alimtazama kidogo. Akaona hakuna zaidi. Akainama akajaza ndoo yake, na picha ile ilitoka gazetini kesho yake chini ya maneno Mwananchi Akinufaika na Mradi. Kisha winchi ikashusha jiwe polepole, maji yakaruka pembeni, wakamwaga zege, yakaacha kuruka. Mwenyekiti wa Kamati ya Makofi alinyanyua mkono kutupa ishara. Nilikuwa nimeshaondoka kwenye kiti changu. Hadi leo kinahesabiwa kuwa na mtu.

Nilimkuta Bi Kidawa katikati ya ziwa kavu akiwa na ndoo kichwani, mkono mmoja umeishika, anatembea kwa uangalifu kama mtu anayebeba mtoto aliyelala. Nilimwambia nimpokee, akakataa. Tukaenda hivyo hadi ng'ambo. Nyuma yetu waziri alikuwa anaeleza kuhusu awamu ya pili, na matarumbeta yakawa yanaitikia.

Alimwagia kwanza kaburi la Hidaya, kidogo, kama anayemnawisha mtu uso. Yaliyobaki yote aliyamwaga kwa Mbaruku, kuanzia kwenye jiwe hadi miguuni, pande zote mbili za kasia.

"Baba Hidaya," alisema, "maji ndiyo haya niliyoyapata. Vuka."

Yalituama kwa muda juu ya udongo, na kasia likajitikisa kidogo. Kisha yakaingia chini.